Usafi wa Seli, Mitokondria na Ubongo Unaozeeka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini hurudi kila yanapozungumzwa magonjwa ya ubongo ya Parkinson, yenye kutetemeka na kukakamaa, na Alzheimer, yenye kupoteza kumbukumbu, na mengi huulizwa na watu wanaomuuguza mzazi nyumbani. Majibu yanaeleza jinsi mambo yanavyofanya kazi ndani ya seli. Hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mgonjwa kwa macho.

Mitokondria ni kitu gani, na kwa nini ubongo unaitegemea kiasi hicho?

Mitokondria ni vijumba vidogo sana vilivyomo ndani ya seli, ambamo chakula tulichokula hukutanishwa na oksijeni tuliyovuta ili kupata ATP, kemikali ambayo seli huitumia kulipia karibu kila kazi yake. Seli moja inaweza kuwa na mamia au maelfu ya mitokondria. Zina DNA yake zenyewe, nje ya kiini cha seli, yenye jeni 37 tu, nayo tunairithi kwa mama. Protini nyingine zinazohitajika, ambazo zinapita elfu moja, hutengenezwa kwa maagizo ya jeni zilizomo kwenye kiini, kisha huingizwa kupitia tando mbili zinazoizunguka mitokondria. Safari hiyo ya kuingizwa ikumbukwe, kwani tutairudia.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Akiba yake ni ndogo mno, ndiyo maana damu ikikatika kwa dakika chache tu seli huanza kufa. Tena seli za neva hazibadilishwi kama za viungo vingine. Seli ya ngozi ikichakaa hupukutika na nyingine ikachukua nafasi yake, ilhali seli nyingi za neva ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo, kwa hiyo uchakavu wake hauna pa kutupwa isipokuwa ndani yake mwenyewe. Umbo lake nalo ni tabu: seli inayotoka chini ya uti wa mgongo hadi kidole cha mguu ina mkia unaoweza kupita urefu wa mita moja, na mitokondria lazima zisafirishwe njia nzima, mpya zikienda na zilizochoka zikirudi.

Mitokondria huharibikaje?

Huharibika kwa kufanya kazi yake. Elektroni hupitishwa kutoka mtambo mmoja wa protini hadi mwingine kwenye utando wa ndani, na baadhi huponyoka na kuunda kemikali kali za oksijeni zinazounguza mafuta ya utando, protini na DNA iliyo karibu. Seli ina vimeng'enya vya kuzima moto huo, na kiasi kidogo cha kemikali hizo hutumika hata kama ishara, kwa hiyo si sahihi kuzichukulia kuwa ni sumu tupu. Mbali na hapo kuna kalsiamu inayofurika ndani ya seli, makosa ya kunakili DNA, na sumu zinazotoka nje ya mwili. Uharibifu upo kwa kila mtu, hata kijana wa miaka 20. Kinachotofautisha ni kasi ya kuuondoa.

Seli hujisafishaje?

Kwa njia kadhaa, kulingana na ukubwa wa taka. Protini moja iliyojikunja vibaya hubandikwa alama, yaani protini ndogo iitwayo ubikwitini, kisha hupelekwa kwenye proteasomu, chombo chenye umbo la pipa ambacho huikatakata. Taka kubwa haiwezi kupita hapo. Donge la protini au mitokondria nzima huzungushiwa utando unaokua hadi ukawa mfuko uliofungwa, na mfuko huo huungana na lisosomu, kifuko chenye asidi na vimeng'enya vya kumeng'enya, ambamo kila kitu huvunjwa na malighafi ikarudishwa kutumika upya. Kazi hiyo huitwa autofajia, maana yake kujila, na ikilenga mitokondria huitwa mitofajia.

Kabla ya kufikia hatua hiyo, mitokondria hujaribu kujitengeneza. Huungana ili zichangie vilivyo vizima, au hujigawa ili sehemu mbovu itengwe. Mitofajia ni hatua ya mwisho, pale ukarabati unaposhindikana.

Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba usafi huu ni mnyororo wa hatua: kutambua, kubandika alama, kufunga mfuko, kusafirisha, kuunganisha na lisosomu, kumeng'enya. Kukwama kwa hatua yoyote husimamisha kazi nzima. Mtu akiahidi kuongeza autofajia, swali la kwanza la kumuuliza ni hatua ipi anayoiongeza, na ipi ndiyo iliyokwama kwa mgonjwa huyo.

Nani aligundua haya?

Lisosomu ziligunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955, naye ndiye aliyelipa jambo hili jina la autofajia mwaka 1963. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliiona mifuko kwenye darubini bila kujua jeni zinazoiendesha.

Aliyefungua njia ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, na kifaa chake kilikuwa hamira, jamaa ya ile tunayotia kwenye maandazi. Hamira ina chumba kikubwa kinachofanya kazi ya lisosomu, lakini taka zikiingia humo humeng'enywa haraka mno kiasi kwamba hakuna cha kuona. Ohsumi alichukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kumeng'enya, akazinyima chakula, akachungulia. Kwa muda wa saa chache chumba kile kilijaa vidonge vidogo vya mviringo vinavyochezacheza, taka zilizoingizwa lakini zisizoweza kuvunjwa. Baada ya hapo alizitafuta hamira ambazo hata zikishinda njaa vidonge havitokei, na kwa njia hiyo akazipata jeni zinazohusika, kwa matokeo aliyoyachapisha mwaka 1992 na 1993. Jeni nyingi za namna hiyo zipo pia kwa binadamu. Tuzo yake ya Nobel ilitoka mwaka 2016.

Seli hujuaje mitokondria ipi ni mbovu?

Hapa ndipo ile safari ya kuingiza protini inapokuwa na maana. Kuna protini iitwayo PINK1 ambayo seli huitengeneza wakati wote na kuituma kwenye kila mitokondria. Mitokondria ikiwa nzima, utando wake wa ndani una umeme wa kutosha kuivuta PINK1 ndani, ambako hukatwa na kisha kuharibiwa. Mfano wake ni tarishi anayetumwa nyumba moja kila saa: mlango ukifunguliwa, huingia na haonekani tena, mlango ukigoma, matarishi hujazana barazani, na kila apitaye hujua kuwa ndani kuna tatizo. Umeme ukishuka, PINK1 hujazana kwenye utando wa nje, ikaiamsha protini ya pili iitwayo Parkin, na Parkin huipaka mitokondria hiyo ubikwitini kote. Protini nyingine, kama vile optinurini, huisoma alama hiyo na kuuita mfuko.

Sehemu ya Parkin ilionekana mwaka 2008 huko Marekani, katika maabara ya Richard Youle kwenye Taasisi za Taifa za Afya, pale Derek Narendra na wenzake walipozitia seli kemikali ya kuzima umeme wa mitokondria na kuona Parkin, iliyokuwa imetawanyika kila mahali, ikihamia kwenye mitokondria zilizoharibika. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti wa inzi wadogo wa matunda walikwisha onyesha kwamba inzi waliokosa PINK1 huharibika misuli na mitokondria sawasawa na waliokosa Parkin, na kwamba kuwaongezea Parkin huwaponya wale waliokosa PINK1. Mpangilio wa nani anamtangulia nani ulijulikana kwa inzi kabla ya kuonekana kwa macho ndani ya seli.

Maelezo haya yanavutia kwa unadhifu wake, na unadhifu huo ni wa kuangaliwa kwa tahadhari. Majaribio mengi yalifanywa kwa seli za maabara zilizoongezewa Parkin na kutiwa sumu kali ambayo mwili hauikuti kila siku. Panya waliozaliwa bila PINK1 au bila Parkin hawapati Parkinson kamili, na mitofajia ya kawaida huendelea miilini mwao kwa kiasi kikubwa. Zipo njia nyingine za kuondoa mitokondria, na hii ya PINK1 yaelekea kuwa ni ya wakati wa dharura.

Kuna ushahidi gani kwamba mitokondria zinahusika na Parkinson?

Ushahidi wa kwanza ulikuja kwa ajali. Mwaka 1982, katika jimbo la California, vijana waliojidunga heroini ya bandia walianza kufikishwa hospitalini wakiwa wamekakamaa, hawasemi, hawasogei, kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari J. William Langston na wenzake waliifuatilia dawa hiyo na kukuta ndani yake kemikali iitwayo MPTP, iliyotokana na makosa ya upishi. MPTP huingia kwenye ubongo, ikageuzwa na kimeng'enya kiitwacho MAO-B, kisha ikabebwa hadi ndani ya seli za dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupeleka ishara za mwendo, na mlango uleule unaopitisha dopamini. Ikifika humo huziba mtambo wa kwanza kati ya ile inayopitisha elektroni kwenye mitokondria. Vijana wale walipewa levodopa, dawa ya Parkinson, na ikawafungua.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 upungufu wa mtambo huohuo wa kwanza ulipatikana kwenye bongo za wagonjwa wa kawaida wa Parkinson waliofariki. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba rotenoni, sumu ya kuulia wadudu na samaki ambayo nayo huziba mtambo huo, huwasababishia panya dalili zinazofanana. Upande wa jeni, Wajapani walilitambua jeni la Parkin mwaka 1998 katika familia ambazo ugonjwa ulianza mapema mno, na jeni la PINK1 likafuata mwaka 2004. Sumu zilionyesha kwamba kuziharibu mitokondria kunatosha kuleta dalili. Jeni zikaashiria kwamba kushindwa kuziondoa zilizoharibika huenda kunatosha pia.

Kwa nini seli za dopamini ndizo hufa kwanza?

Kwa sababu ya mzigo wao. Seli hizo zimo kwenye eneo dogo lenye rangi nyeusi katika ubongo wa kati, na kila moja ina matawi mengi ajabu. Hupiga ishara bila kupumzika, na kwa kila ishara huingiza kalsiamu inayopaswa kutolewa kwa gharama ya nishati. Dopamini yenyewe ikikaa nje ya vifuko vyake huoza na kuwa kemikali kali. Seli yenye gharama za namna hiyo haivumilii usafi ukichelewa, na kutikisika kwa mkono huanza kuonekana wakati sehemu kubwa ya seli imekwisha kufa.

Je, Alzheimer nayo ni tatizo la usafi?

Kwa sehemu ndiyo, lakini kizuizi hakiko mahali palepale. Mwaka 2005 timu ya Ralph Nixon huko Marekani ilichunguza kwa darubini ya elektroni bongo za wagonjwa wa Alzheimer na kukuta mikia ya seli imevimba kwa mifuko ya autofajia iliyojaa taka ambazo hazijamalizwa kumeng'enywa. Mifuko ilifungwa na taka zilikusanywa, lakini jaa halikupokea. Utafiti uliofuata ulielekeza lawama kwenye lisosomu, ambazo huwa hazina asidi ya kutosha.

Hali hiyo inafundisha jambo kubwa kuhusu tiba. Ukimpa mgonjwa wa aina hii dawa inayochochea ufungaji wa mifuko mipya, huenda ukawa umeongeza malori kwenye barabara ambayo tayari ina foleni. Wakati huohuo mitokondria mbovu zinazidi kukaa, zikitoa nishati haba na kemikali kali nyingi, na protini iitwayo tau, ambayo kwa kawaida huzishikilia njia za usafirishaji ndani ya seli, inapoziacha njia hizo na kujikunja kuwa nyuzi, hata kuzirudisha mitokondria hizo zikavunjwe huwa shida.

Dawa mpya zinazosafisha beta-amiloidi, protini inayojikusanya kati ya seli za neva katika Alzheimer, yaani lekanemabu iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023 na donanemabu ya mwaka 2024, hufagia taka zilizo nje ya seli. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo kwa walio katika hatua za mwanzo, huhitaji picha za MRI za mara kwa mara kwa sababu ya hatari ya ubongo kuvimba au kuvuja damu, na hazigusi foleni iliyomo ndani ya seli.

Je, uzee peke yake unatosha kuleta ugonjwa?

Uzee hupunguza uwezo wa lisosomu, na ndani ya seli kongwe hujikusanya kitu cha rangi ya hudhurungi kiitwacho lipofusini, mabaki yasiyomeng'enyeka kabisa, kama masizi yaliyoganda chini ya sufuria. Kuwa na lipofusini si kuwa na ugonjwa. Hata hivyo mwaka 2006 timu mbili za Japani ziliwaondolea panya jeni moja ya autofajia kwenye ubongo pekee, bila kuwapandikizia protini yoyote mbovu, na panya wakashindwa kutembea sawasawa huku seli zao za neva zikijaa madonge na kufa. Taka za kawaida za kila siku zinatosha kuiua seli ya neva zisipoondolewa.

Konzo inaingia wapi katika mazungumzo haya?

Inaingia kwa sababu ni ugonjwa wa neva wa kwetu ambao huanzia kwenye sumu ya mitokondria. Jina lake ni la Kiyaka cha Kongo, likimaanisha miguu iliyofungwa, na ulielezwa kitabibu na Giovanni Trolli mwaka 1938. Hapa Tanzania ulizuka Tarime mwaka 1985 baada ya ukame, na umeonekana pia Mtwara. Mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu yote miwili ikiwa imekakamaa, akatembea kwa vidole, na hali hiyo haiponi ingawa haizidi kuharibika.

Chanzo ni mihogo michungu iliyoandaliwa kwa haraka, pamoja na upungufu wa protini. Mihogo hiyo hutoa sianidi, na sianidi huziba mtambo wa mwisho wa mitokondria, ule unaopokea oksijeni. Mwili huivunja makali kwa salfa inayotoka kwenye protini, kwa hiyo mwenye kula ugali wa muhogo bila maharage wala dagaa hukosa salfa hiyo. Namna hasa seli za kuongoza miguu zinavyouawa, na kwa nini ni hizo tu, bado inatafitiwa. Kinga inajulikana vyema: kuloweka siku tatu hadi mihogo ilainike kisha kuianika, au, kwa unga uliokwisha kusagwa, kuulowesha maji kidogo na kuutandaza kwa tabaka jembamba juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano, ili sianidi itoke na hewa kabla ya kusonga ugali.

Konzo si ugonjwa wa uzee na haipaswi kuchanganywa na Parkinson.

Nimesoma kwamba kufunga husafisha ubongo na kwamba Nobel ilithibitisha hilo. Ni kweli?

Ujumbe huo huzunguka kwenye simu kila Ramadhani ikikaribia, na hata Kwaresima. Nobel ya mwaka 2016 ilitolewa kwa kugundua jinsi autofajia inavyofanya kazi, kwa hamira. Ohsumi hakupima saumu ya mtu yeyote.

Ni kweli kwamba njaa huchochea autofajia, na kwenye ini la panya jambo hili halina ubishi. Ubongo ni habari nyingine, kwa sababu mwili wenye njaa huupendelea kwa chakula kuliko viungo vyote. Mwaka 2004 Noboru Mizushima na wenzake waliwatengeneza panya ambao mifuko ya autofajia huwaka rangi ya kijani, wakawanyima chakula kwa siku mbili. Ini, misuli na moyo viliwaka, ubongo haukuonyesha ongezeko. Mwaka 2010 timu nyingine, kwa mbinu tofauti, iliripoti ongezeko kwenye seli za neva za panya waliofungishwa kwa muda mfupi. Matokeo hayo mawili hayajapatana vizuri, na siku mbili za panya, mnyama mwenye pumzi za haraka na mafuta machache, haziwezi kulinganishwa na saa 13 za mtu anayesubiri magharibi. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kufunga kunazuia au kuponya Parkinson au Alzheimer kwa binadamu.

Anayefunga kwa ajili ya ibada ana sababu yake ambayo haihitaji kuungwa mkono na maabara. Linalotutia wasiwasi ni mgonjwa anayetumia levodopa mara tatu au nne mchana kisha akaiacha. Kukatiza dawa hiyo ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa mwili mzima na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga na dini yenyewe. Na anayetaka kufunga hata hivyo azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili saa za dawa zipangwe upya au aambiwe wazi kwamba haiwezekani.

Kuna dawa zinazorekebisha mitokondria au kuongeza usafi?

Zimejaribiwa nyingi, na historia yake inamfundisha mtu subira. Kirutubisho cha koenzaimu Q10, kinachosaidia elektroni kupita kwenye mitokondria, kilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa wa Parkinson huko Amerika Kaskazini, na jaribio likasimamishwa mwaka 2011 kwa kuwa hakikuonyesha faida. Kreatini ikafuata njia hiyohiyo mwaka 2013. Vyote viwili bado vinauzwa kwa bei ya kuumiza na watu wanaojua kabisa kwamba mnunuzi hana namna ya kusoma matokeo hayo.

Rapamisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huchochea autofajia na mwaka 2009 ilionyeshwa kurefusha maisha ya panya. Lakini pia hupunguza kinga ya mwili na hutumika kwa watu waliopandikizwa figo, kwa hiyo si ya kuchezea. Inayotupa matumaini zaidi ni dawa ya kawaida kabisa, ambroksoli, ambayo familia nyingi zimeinunua kama dawa ya maji ya kikohozi cha makohozi. Ilibainika kwamba huongeza nguvu ya kimeng'enya kimoja cha lisosomu, kile kinachotengenezwa na jeni la GBA1. Jaribio dogo la London lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa wasiofika 20, lilionyesha kwamba dawa hiyo hufika hadi kwenye maji ya ubongo, na majaribio makubwa yalifuata. Dozi iliyotumika ni mara nyingi zaidi ya ile ya kikohozi, kwa hiyo mtu asikimbilie chupa iliyo kabatini.

Mzazi wangu ana Parkinson. Nitairithi?

Mara nyingi sana jibu ni hapana. Parkinson nyingi haina jeni moja la kulaumiwa. Ile ya Parkin na PINK1 huhitaji nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama, ndiyo maana huonekana zaidi pale wazazi walipo ndugu wa damu, na kwa kawaida huanza mtu akiwa bado kijana, mara nyingi kabla ya miaka 40. Mwenye nakala moja huwa mzima.

Kwa Waafrika kuna habari mahususi. Mwaka 2023 utafiti uliohusisha hasa wagonjwa wa Nigeria uliibua badiliko kwenye jeni la GBA1, lile la lisosomu tulilolitaja, ambalo karibu halipo kabisa kwa Wazungu, ilhali lilipatikana kwa takriban wagonjwa wanne katika kila kumi. Wabebaji wengi wa badiliko hilo hawaugui, lakini uwezekano wao ni mkubwa zaidi. Miongo mingi ya utafiti wa jeni kwa damu za Ulaya haikuliona, kwa sababu rahisi kwamba haikulitafuta mahali lilipo.

Je, usingizi husafisha ubongo?

Huo ni usafi mwingine, wa nje ya seli: maji ya ubongo yanayopita kandokando ya mishipa ya damu na kuondoka na taka. Mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard iliripoti kwamba kwa panya mtiririko huo huongezeka usingizini. Mwaka 2024 watafiti wa London wakachapisha vipimo vilivyoonyesha kinyume, kwamba usingizi huupunguza. Wanaendelea kuvutana. Kulala vya kutosha kuna faida nyingine nyingi, na haina haja ya kusubiri mshindi wa mabishano hayo.

Kuna kipimo cha damu cha kujua kama seli zangu zinajisafisha?

Hakuna kinachotumika hospitalini. Anayekuuzia kipimo hicho, au kifaa cha kushika mkononi kinachodai kusoma mitokondria, anakuibia.

Basi mtu wa kawaida afanye nini?

Mazoezi ya mwili yana ushahidi mzuri kuliko kirutubisho chochote: misuli inayofanya kazi hutengeneza mitokondria mpya na kuondoa za zamani, na wagonjwa wa Parkinson wanaofanya mazoezi hutembea na kujimudu vizuri zaidi. Kwa upande wa demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kama katika Alzheimer, kamati ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, miongoni mwake shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upungufu wa kusikia na kukosa elimu utotoni. Anayenyunyiza dawa za shambani avae kinga, hasa dawa ya kuua magugu yenye parakwati, ambayo kwa wakulima imehusishwa na Parkinson.

Upupu una levodopa. Je, unaweza kuwa tiba?

Mbegu za upupu zina levodopa halisi, nazo hupunguza dalili. Hazisafishi seli wala hazizuii ugonjwa. Zinaziba pengo la dopamini tu, kama kidonge kinavyofanya. Shida ni kipimo, kwani kiasi cha levodopa hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na zinakosa ile dawa ya pili iliyomo kwenye kidonge inayozuia kichefuchefu na kushuka kwa shinikizo la damu.

Mkono wa mzee umeanza kutetemeka. Tuanzie wapi?

Mtazameni akiwa ametulia, mkono ukiwa juu ya paja. Mtetemo wa Parkinson huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika, mara nyingi huanzia upande mmoja, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi, na hupungua anaponyanyua kikombe. Mtetemo unaozidi anaponyanyua kikombe kwa kawaida ni wa aina nyingine. Ulizeni kama amepoteza harufu ya vyakula, kama ana tatizo la choo kigumu la muda mrefu, kama hupiga mateke na kupayuka usingizini, na kama mwandiko wake umekuwa mdogo. Mambo hayo yanaweza kutangulia mtetemo kwa miaka. Orodhesheni dawa zote anazotumia, zikiwemo za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili, kwa sababu baadhi yake huleta dalili zilezile, na dalili hizo zinaweza kuondoka dawa ikibadilishwa.

Msikubali kirahisi kwamba ni uzee tu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, katika miaka ya 2000 uliwakuta watu wenye Parkinson ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa, sembuse kupewa dawa. Mrekodini kwa simu akiwa amekaa, akitembea na akigeuka, kisha mwende na video hiyo kwa daktari, kwani mbele ya daktari mzee hujikaza na mkono ukatulia.